Maisha ya Daktari Aggrey

Jina la Aggrey si geni masikioni mwetu. Dar es Salaam, katika Kariakoo, uko mtaa uitwao Aggrey, na wapenzi wa mpira wanalijua jina hilo kwa sababu ya beki wa zamani wa Azam, Aggrey Morris. Wako baba wengi wa Afrika ya Mashariki waliowapa watoto wao jina hili. Lakini ukimwuliza kijana wa leo huyo Aggrey wa kwanza alikuwa nani, pengine atakuambia kwamba alikuwa Mzungu fulani wa zamani. La, hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwafrika mweusi, mwalimu wa shule, aliyepita katika nchi yetu mwaka 1924, na kazi aliyojipa maishani ilikuwa kuondoa dharau iliyo kati ya watu wa aina moja na watu wa aina nyingine.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba, 1875, katika mji wa Anomabu, pwani ya nchi iliyokuwa ikiitwa Gold Coast, ambayo tangu 1957 ni Ghana. Kabila lake ni Wafante. Baba yake alikuwa msemaji wa chifu, na hiyo katika nchi yao ni kazi kubwa, kwa kuwa chifu hasemi na watu moja kwa moja. Msemaji huchukua maneno yake na kuyapamba hata yakubalike kwa wasikiaji. Nadhani mtoto alirithi kazi ya baba yake. Maisha yake yote alisimama katikati ya watu wawili wasioelewana, akichukua neno la huyu na kulipeleka kwa yule kwa namna ambayo litasikiwa.

Alisoma katika shule ya misheni ya Wamethodisti mjini Cape Coast, na kabla hajafika miaka ishirini alikuwa amekwisha anza kufundisha. Mwaka 1897 Serikali ya Waingereza ilileta mswada wa sheria uliowatia wenyeji hofu ya kunyang'anywa ardhi zao. Wenyeji wakaunda chama cha kutetea haki zao, na Aggrey, kijana wa miaka ishirini na kitu, akafanya kazi katika chama hicho. Mswada ukaondolewa. Twalitaja jambo hili mapema kwa sababu wako waliosema baadaye kwamba Aggrey alikuwa mtu laini asiyejua kudai haki.

Mwezi wa Julai, 1898, alipanda meli kwenda Marekani. Aliyemwita ni Askofu Small wa kanisa la watu weusi la huko, naye akaingia Livingstone College katika mji mdogo wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kilipewa jina la yule yule Daktari Livingstone ambaye maiti yake ilichukuliwa mabegani mwa watu kupitia Tabora hata Bagamoyo. Aggrey alihitimu kwa sifa mwaka 1902, akabaki hapo hapo kuwa mwalimu mpaka 1920. Alioa mke, Rose Douglass, wakapata watoto wanne.

Sasa msomaji asidhani kwamba Salisbury ilikuwa mahali pa amani, na kwamba mtu aliyekaa huko angeweza kusema habari za kupendana bila gharama. Mwezi wa Novemba, 1898, miezi michache tu baada ya Aggrey kuiacha Afrika, Wazungu wenye silaha katika mji wa Wilmington, jimbo lile lile, waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa kwa kura, wakawaua watu weusi wengi. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa kwamba watu weusi wakae mabehewa ya peke yao katika garimoshi. Mwaka 1900 katiba ya jimbo ikabadilishwa ili wasiweze kupiga kura. Mwaka 1906, katika mji wa Salisbury wenyewe ambako Aggrey alikuwa mwalimu na baba wa nyumba, kundi la Wazungu liliwatoa gerezani watu weusi watatu na kuwatundika. Hakuna aliyemjua Aggrey ambaye angeweza kusema hakuona chuki. Aliiona kwa macho yake, naye akaendelea kukaa mji ule.

Basi alifanya nini? Alifundisha, na pamoja na kufundisha alihubiri katika makanisa madogo ya vijijini, kwa wakulima weusi maskini. Aliwahimiza kununua ardhi yao wenyewe, kuweka akiba, na kulima kwa elimu. Na katika likizo za miezi ya joto, wakati walimu wengine walipopumzika, yeye alikwenda New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia. Huko alisoma elimu ya malezi, elimu ya jamii, na saikolojia, ndiyo elimu ya nafsi ya mtu, jinsi anavyofikiri, anavyoogopa na anavyochukia. Kwa mtu wa Salisbury masomo hayo hayakuwa ya kujipatia cheti tu. Alitaka kujua dharau inatoka wapi, na kama yaweza kutibiwa.

Bahati yake ilikuja mwaka 1920. Shirika la Marekani liitwalo Phelps-Stokes liliunda tume ya kutazama elimu katika Afrika, chini ya Bwana Thomas Jesse Jones, na Aggrey akachaguliwa kuwamo, yeye peke yake akiwa Mwafrika. Wakazunguka Afrika ya Magharibi, wakapita Kongo na Angola, wakafika Afrika ya Kusini mwaka 1921. Kila walipofika Aggrey aliombwa kuhutubia, na watu weusi waliofika kumsikia walikuwa wengi mno. Huko Lagos, Nigeria, alikuwapo kijana mmoja mwanafunzi aliyeitwa Nnamdi Azikiwe, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Nigeria. Hotuba ile ilimtia hamu ya kwenda Marekani kusoma.

Hapa yafaa tueleze alivyokuwa akisema, maana ndiyo kiini cha habari hii. Mfano wake uliojulikana kuliko yote ni ule wa kinanda. Wanafunzi wanaoimba kwaya kanisani wanajua kwamba kinanda kina vibao vyeupe na vibao vyeusi. Aggrey alieleza kwamba mtu aweza kupiga wimbo wa namna fulani kwa vibao vyeupe peke yake, na wimbo wa namna fulani kwa vyeusi peke yake, lakini akitaka sauti zipatane vizuri itambidi avitumie vyote viwili. Mfano mwingine ni wa tai aliyelelewa pamoja na kuku. Alikula punje kama kuku, akatembea kama kuku, mpaka akasahau kabisa kwamba ana mabawa ya kurukia. Mtu mmoja akajaribu mara kwa mara kumkumbusha, na siku moja, mbele ya jua linalochomoza, tai akaruka asirudi tena.

Twaona kwamba mifano hii miwili si ya ugonjwa mmoja. Kinanda ni dawa ya mtu anayemdharau mwenziwe. Tai ni dawa ya yule aliyedharauliwa muda mrefu hata akaanza kuiamini dharau yenyewe. Wataalamu walikuja kuthibitisha jambo hili la pili baada ya Aggrey kufa. Katika miaka ya 1940 Daktari Kenneth Clark na mkewe Mamie, watu weusi wa Marekani, waliwapa watoto wadogo weusi vikaragosi vya kuchezea, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya kahawia, wakawauliza ni kipi kizuri. Watoto wengi wakachagua cheupe. Ushahidi wa namna hiyo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyokataza kutenga watoto wa shule kwa rangi. Aggrey hakuwa na vikaragosi, lakini alijua. Mwenyewe alikuwa akisema wazi kwamba kama Mungu angemrudisha duniani mara ya pili na kumpa hiari ya rangi, angeomba awe mweusi kabisa kama inavyowezekana.

Tena alipenda mzaha. Wenyeji wa Tanzania hatuna haja ya kufundishwa nguvu ya mzaha, kwa kuwa tunao utani. Wanyamwezi na Wazaramo, waliojuana katika njia za misafara ya zamani, huweza kutukanana msibani na asiwepo wa kukasirika. Aggrey alitumia dawa ya jamaa hiyo. Akiwa mbele ya Wazungu aliwachekesha kwanza, na walipokwisha kucheka ndipo alipowaambia habari za haki. Akiwa mbele ya Waafrika aliwaonya wasilipe chuki kwa chuki, akawataka wajiheshimu. Kila upande aliuambia kosa lake wenyewe, si kosa la upande wa pili. Jambo hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtu akijaribu bwenini kwake, kuwaambia watu wa kabila lake makosa yao na kunyamaza juu ya makosa ya wengine, ataona.

Katika Afrika ya Kusini safari ile ilizaa tunda la kuonekana. Mwaka 1921, kwa mashauri ya Jones na Aggrey, mjini Johannesburg lilianzishwa baraza la pamoja la Wazungu na Waafrika, watu wakae meza moja, wachunguze shida za mahali pao na kuzitafutia njia. Mabaraza ya namna hiyo yakaenea miji mingi.

Mwaka 1924 tume ya pili ikaja kwetu. Ilianzia Uhabeshi, ikapita Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja, Nyasaland na nchi za Rhodesia. Wakati huo Waingereza walikuwa wametawala Tanganyika miaka michache tu baada ya Wajerumani, na shule zilikuwa chache mno. Mjini Dar es Salaam Aggrey alionana na karani mmoja kijana, Kleist Sykes. Huyu Kleist alizaliwa Pangani. Baba yake alikuwa askari aliyetoka Msumbiji, na imeandikwa katika habari za maisha yake kwamba mama yake alikuwa Mnyaturu. Wasomaji wa Singida watapenda kulijua hilo. Kwa maelezo ya Kleist mwenyewe, Aggrey alimshauri kwamba Waafrika wa Tanganyika waunde umoja wao. Mwaka 1929 Kleist na wenzake waliuanzisha Chama cha Waafrika, yaani African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist akiwa katibu. Matola alikuwa Mkristo, Kleist Mwislamu, na chama hakikumwuliza mtu kabila lake. Mwaka 1948 jina likawa TAA, na tarehe 7 Julai, 1954, kikawa TANU.

Sasa tuje kwenye lawama, maana mtu mashuhuri akisifiwa tu habari yake huwa nusu. Wako wasomi weusi wa zamani zile waliomwona Aggrey kama mtu anayewafurahisha Wazungu. Shirika lililomtuma lilitaka Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono na kilimo, na mwanachuoni mkubwa W. E. B. Du Bois alimpinga sana Bwana Jones kwa ajili hiyo. Waliuliza, kinanda kina faida gani kama vibao vyeusi havina haki ya kuchagua wimbo?

Swali hilo ni zito, na Afrika ya Kusini ililijibu kwa uchungu. Mabaraza ya pamoja yalikutana, watu wakafahamiana, baadhi ya Wazungu wakabadilika mioyo. Lakini nje ya mlango wa baraza Mzungu alikuwa bwana na Mwafrika mtumishi, sheria ikasema hivyo, na mwaka 1936 Bunge likawaondoa Waafrika wa Cape katika orodha ya kawaida ya wapiga kura, mabaraza yakiwapo. Meza moja kwa saa mbili haikuweza kushinda sheria ya siku nzima.

Mwaka 1954 Mmarekani Gordon Allport, mwalimu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu juu ya jambo hili hili. Alieleza kwamba kukutana kwa watu wa makundi mbalimbali hupunguza dhana mbaya, lakini kukutana kwenyewe lazima kuwe kwa namna yake: watu wawe sawa kwa cheo wakati wanapokutana, wawe na shabaha moja, washirikiane kuifikia badala ya kushindana, na wakubwa na sheria wawe nyuma yao. Mwaka 2006 wataalamu wawili, Pettigrew na Tropp, walikusanya pamoja uchunguzi zaidi ya 500 uliofanywa katika nchi nyingi, wakaona kwamba kwa kawaida kukutana kunapunguza chuki kweli, na hupunguza zaidi pale masharti hayo yanapotimizwa. Mtu akiyasoma masharti ya Allport ataona kwamba Aggrey aliyajua matatu. La nne, la sheria, hakuwa na uwezo nalo.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mto Sibiti. Mtaalamu Edward Miguel alilinganisha wilaya ya Busia, Kenya, na wilaya yetu jirani ya Meatu, zote mbili zenye makabila yaliyochanganyika, akatangaza matokeo mwaka 2004. Huko Busia, mahali palipochanganyika makabila, michango ya shule ilikuwa haba, kwa kuwa watu hawakupenda kuchangia watoto wa wengine. Meatu haikuwa hivyo. Mchanganyiko wa makabila haukupunguza madawati wala madarasa. Sababu aliyoitoa ni siasa ya taifa iliyofuatwa Tanzania kwa miaka mingi, yaani Kiswahili, masomo yaliyowafundisha watoto kujiona Watanzania, serikali za vijiji, na kugawa mali ya umma bila kutazama kabila. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Wahadzabe wa Mkalama, ambao ni watu wa mkoa wetu, wangali wakichekwa kwa chakula chao na lugha yao, na anayecheka huenda amekaa nao darasa moja. Wataturu nao wana majina waliyopewa na wengine ambayo hayafai kuandikwa hapa. Kuketi dawati moja si kukutana, kama mmoja anaketi akijua kwamba akifungua kinywa atachekwa.

Turudi kwa Aggrey. Mwaka 1924 Gavana Guggisberg wa Gold Coast alimwita nyumbani kusaidia kujenga shule kubwa ya Achimota, karibu na Accra. Mkuu wake alikuwa Mchungaji Fraser, na Aggrey akawa msaidizi wa makamu wa mkuu, Mwafrika pekee katika walimu wakubwa. Twamhesabia hii kuwa kazi yake bora, kupita hotuba zote. Hotuba hupita. Katika Achimota aliweza kupanga jinsi watu watakavyoishi kila siku: watoto wa makabila mbalimbali katika nyumba moja, walimu Wazungu na Waafrika, lugha za wenyeji na ngoma zao zikifundishwa wala zisionewe haya. Aliitetea sana elimu ya wasichana, akiamini kwamba mwanamke akisoma ni nyumba nzima imesoma, na Achimota ikapokea wavulana na wasichana pamoja, jambo ambalo wazazi wengi wa wakati ule hawakulipenda.

Wenyeji wengine walimshuku hata hapo. Walidhani shule ya Serikali ni hila ya kuwapa Waafrika elimu ya chini, naye akatumia muda mwingi kwenda mji kwa mji kuwaeleza. Alikuwa na uvumilivu ambao si wa kawaida, na pengine alijichosha.

Shule ilifunguliwa rasmi Januari, 1927. Mwaka huo huo Aggrey alikwenda Marekani kuiona jamaa yake na kumaliza masomo aliyoyaanza Columbia miaka mingi nyuma. Akiwa New York aliugua ghafula ugonjwa wa uti wa mgongo, akafa tarehe 30 Julai, 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Habari ilipofika Achimota, mwanafunzi mmoja wa ualimu alihuzunika hata asiweze kula kwa siku kadhaa. Mwanafunzi huyo alikuwa Kwame Nkrumah.

Alizikwa Salisbury. Mkewe aliendelea kufundisha katika jimbo lile, na mwanawe mdogo, Rudolph, aliyekuwa na mwaka mmoja tu baba yake alipofariki, alikuja kuwa balozi wa Marekani katika Senegal na Gambia, kisha Romania. Shule ya Achimota ingali ipo. Katika nembo yake vimechorwa vibao vya kinanda, vyeupe na vyeusi.